Anga Ni Pana, Nafasi Haba

Jioni ya Jumapili moja niliketi katika chumba cha kungojea cha uwanja mmoja wa ndege wa humu nchini, tikiti mkononi, nikiitazama ndege iliyokuwa imeegeshwa hatua chache kutoka dirishani. Ndege ilikuwa nzima. Rubani alikuwapo, akiizunguka polepole na mikono ameifumba mgongoni. Mafuta yalikuwa yametiwa, mizigo imepakiwa, na mbinguni hapakuwa hata na kiwingu cha kukinga jua lililokuwa likitua. Hata hivyo hatukuondoka. Saa moja ikapita, ikafuata nusu saa nyingine, ndipo binti mmoja mwenye sare alipokuja kutuarifu kwa adabu kwamba tulikuwa tukingojea nafasi Nairobi.

Mzee mmoja aliyeketi kando yangu, mwenye bakora na kofia ya sufu, aliinua uso akaitazama mbingu ile kupitia kioo. "Binti yangu," akasema, "anga yote hii, na bado mwatuambia hakuna nafasi?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Lakini kicheko kilipokwisha nilitambua kwamba swali la yule mzee lilikuwa limenishinda. Jumatatu nililipeleka darasani, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne, ambao aghalabu husinzia ifikapo saa nane mchana, walilidaka kama mpira. Tulilizungumza kwa majuma matatu. Nayaandika haya kwa kuwa naona jibu lake lawahusu walimu na wanafunzi zaidi ya liwahusuvyo matajiri wapandao ndege kila juma.

Kwanza niondoe shaka moja. Kuna kucheleweshwa kwa namna nyingi. Kuna ndege inayochelewa kwa sababu mwenyewe ameuza tikiti za ndege mbili ilhali anayo moja. Hiyo sina neno la kuitetea. Kuna ile inayochelewa kwa ajili ya ukungu, na hiyo haihitaji wakili. Nazungumzia kungoja kule kunakotokana na uhaba wa nafasi angani, na ambako watu wengi hudhani ni uzembe mtupu.

Anga ya nchi, msomaji wangu, haiachwi wazi kama malisho ya kijiji. Imegawanywa vipande vipande, na kila kipande kina mtu wake aliyeketi mbele ya rada, redio kichwani, akiongea na marubani wote waliomo katika mipaka yake. Huyo ndiye mwelekezi wa ndege. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna ndege mbili zinazokaribiana kupita kiasi. Kiasi chenyewe kinajulikana: mbali na viwanja, ndege mbili zilizo katika kimo kimoja hutenganishwa kwa maili 5 za baharini, yaani kilomita 9 na ushei, karibu na uwanja, ambako rada huona vizuri zaidi, maili 3. Ikiwa haziwezi kutengana hivyo, basi moja iwe juu ya nyingine kwa futi 1,000.

Mtu akisikia kilomita 9 huona ni nyingi mno. Niliwaomba wanafunzi wapige hesabu. Ndege ya jeti iendayo kilomita 900 kwa saa humaliza kilomita 9 kwa sekunde 36. Ndege mbili zinazoelekeana huumaliza umbali huo kwa sekunde 18. Kijana mmoja aliyekuwa amekwisha kuanza kufunga daftari lake alilifungua tena.

Sasa mfikirie mwelekezi huyo. Hatazami tu ndege zilipo. Lazima ajue zitakapokuwa baada ya dakika tano, kumi, ipi inashuka na ipi inapanda, ipi nzito na ipi nyepesi, rubani yupi amesikia na yupi hajajibu. Picha hiyo yote anaibeba kichwani mwake. Kichwa cha binadamu kina kikomo. Yakija mawingu ya mvua na kila rubani akaomba kupinda njia, kikomo hicho hushuka. Hakipandi kwa amri ya waziri wala kwa kelele za abiria. Ndege zikizidi, dawa ni kukigawanya kile kipande cha anga kiwe viwili na kumketisha mtu wa pili. Lakini mtu wa pili lazima awepo. Asipokuwapo, dawa iliyobaki ni moja tu: ndege nyingine zingoje. Na kwa kuwa ndege haiwezi kuegeshwa angani, na kila mzunguko inaozunguka huko juu unateketeza mafuta, ni heri ingoje chini, injini zimezimwa, abiria wakinung'unika kando ya mzee mwenye bakora.

Kuna pia suala la mahali pa kutua. Uwanja wetu mkuu, wa Jomo Kenyatta, ambao ulifunguliwa huko Embakasi mwaka 1958, una barabara moja tu ya kurukia. Ndege haziwezi kutua mbili kwa pamoja juu ya lami hiyo, na ndege ndogo haiwezi kuinamia mgongo wa ndege kubwa, kwa maana upepo unaoachwa na mabawa ya ile kubwa waweza kuipindua. Ule mradi wa jengo jipya na barabara ya pili, uliozinduliwa kwa vifijo, ulifutwa mwaka 2016. Hayo twayajua na tumeyalalamikia mara nyingi. Lakini barabara ya lami ukiwa na fedha waweza kuijenga kwa miaka michache. Mwelekezi si lami.

Walimu wa lugha wataniwia radhi nikiwapotezea dakika moja hapa, kwa maana Nairobi yenyewe ina kisa kinachopaswa kufundishwa. Tarehe 3 Septemba 1974 ndege kubwa ya abiria ya Uingereza, aina ya Boeing 747, ilikuwa ikikaribia kutua Embakasi. Mwelekezi aliiruhusu ishuke mpaka futi 7,500. Kwa kawaida ya kazi hiyo tarakimu hutamkwa mojamoja: saba, tano, sufuri, sufuri. Marubani wakasikia tano, sufuri, sufuri, sufuri. Uwanja wa Embakasi uko futi zaidi ya 5,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo ndege ile ilikuwa ikishushwa, ndani ya wingu, kuelekea kimo kilicho chini ya ardhi. Ilipochomoza katika wingu marubani waliiona nchi ikiwajia, wakaiinua ikiwa imebakiza futi 70 hivi. Wote walipona. Tarakimu moja iliyomezwa na sikio ingetosha kuwaua wote. Tangu nilipokisoma kisa hicho sijamkemea tena mwanafunzi anayeniomba nirudie sentensi ya imla.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Swali ni hili: watu wa kuifanya hupatikanaje, na wakipungua huwaje? Nchi iliyojifunza jibu lake kwa uchungu kuliko zote ni Marekani, na itanilazimu nikae huko kwa muda.

Wamarekani nao waliwahi kudhani kwamba anga ni pana. Tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili za abiria ziligongana juu ya bonde la Grand Canyon, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa ardhini aliyezitenganisha. Watu 128 walikufa. Miaka miwili baadaye Bunge lao likaunda idara moja ya serikali kuu ya kusimamia anga yote, na kazi ya mwelekezi ikapata hadhi iliyostahili.

Kufikia mwaka 1981 waelekezi hao walikuwa wamechoka. Chama chao, PATCO, kilidai nyongeza kubwa ya mshahara na juma la kazi la saa 32. Mazungumzo yakavunjika. Tarehe 3 Agosti 1981 wapatao 13,000 waligoma, ingawa sheria iliwakataza watumishi wa serikali kuu kufanya hivyo. Rais Ronald Reagan, ambaye chama hicho hicho kilikuwa kimemuunga mkono katika uchaguzi wa mwaka uliotangulia, aliwapa saa 48 warudi kazini. Zaidi ya 11,000 hawakurudi. Akawafuta wote, wakapigwa marufuku kuajiriwa tena katika kazi hiyo, na marufuku yenyewe haikuondolewa hadi mwaka 1993, wakati wa Rais Bill Clinton.

Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa na haki. Walimu twayajua mambo ya migomo kutoka ndani, na katika chumba chetu cha walimu kesi ya PATCO iligawanya meza pande mbili mpaka chai ikapoa. Kinachonivuta ni yaliyofuata. Ndege hazikuanguka. Wasimamizi, wale wachache waliokataa kugoma, na askari kutoka jeshini waliketi mbele ya rada, na serikali ikafanya jambo la busara: ilipunguza safari katika viwanja vikubwa 22 ili zilingane na watu waliobaki. Ndege zikawa zinazuiwa chini mpaka nafasi ipatikane kule ziendako. Serikali ilikuwa imewashinda wagomaji, lakini hesabu ya vichwa na ndege haikuweza kuishinda.

Kisha ikaanza kazi ya kujaza pengo. Mwelekezi wa Marekani hupelekwa kwanza katika chuo cha Oklahoma City kwa miezi kadhaa, na karibu theluthi moja ya wanaoingia huko hushindwa. Wanaofaulu hutumwa vituoni, wakaketi ubavuni mwa mkongwe kwa mwaka mmoja, miwili, mitatu, kila kituo na anga yake. Cheti cha kituo kimoja hakimfai mtu katika kingine. Akihamishwa, huanza kujifunza upya njia, majina na tabia za mahali hapo. Si kama kumhamisha mwalimu wa hisabati kutoka Bungoma hadi Kwale, ambaye akifika atakuta hisabati ni ile ile. Kwa ajili hiyo pengo la siku mbili za Agosti 1981 lilichukua miaka mingi kuzibwa.

Hapo ndipo niliposimama mbele ya ubao na kuandika tarakimu tatu: 31, 56, 25. Kwa sheria ya Marekani mtu hana budi kuajiriwa kabla hajatimiza miaka 31, na lazima aondoke mbele ya rada afikapo 56. Akitimiza miaka 25 ya kazi ana ruhusa ya kustaafu hata kama hajafika umri huo. "Basi," nikawauliza, "wale walioajiriwa kwa pamoja kati ya 1982 na 1990, wataondoka lini?" Jibu lilikuja kwa sauti moja: kuanzia 2007 hadi 2015. Kundi lililoingia kwa mlango mmoja lilitoka kwa mlango mmoja. Lilikuwa jambo la kujulikana miaka ishirini kabla, kama vile mkulima anavyojua msimu wa kiangazi.

Je, wale wakubwa walijiandaa? Walijaribu, tusiwaonee. Lakini mwaka 2013, katika mvutano wa bajeti, uajiri ulisimamishwa na chuo cha Oklahoma City kikafungwa kwa miezi kadhaa, wakati wakongwe walipokuwa wakiondoka kwa wingi. Mwishoni mwa 2018 serikali yao ikafungwa kwa siku 35 kwa kukosa bajeti, na chuo kikafungwa tena. Mwaka 2020 likaja janga la korona, na mlango wa chuo ukafungwa kwa mara nyingine. Kila mara waliofunga walisema ni kwa muda tu. Na kweli ilikuwa kwa muda tu. Lakini mwanafunzi ambaye hakuingia chuoni mwaka 2013 ndiye mkongwe asiyekuwapo miaka kumi baadaye.

Nguvu ya uhaba huo ilionekana tarehe 25 Januari 2019. Serikali ilikuwa imefungwa, waelekezi wakifanya kazi bila mshahara. Asubuhi ile wapatao kumi tu, wa vituo viwili, kimoja Virginia na kingine Florida, hawakufika kazini. Kumi tu, katika nchi yenye maelfu. Ndege za kwenda LaGuardia, New York, zikazuiwa. Kuchelewa kukasambaa pwani nzima ya mashariki. Na siku hiyo hiyo wakubwa waliokuwa wamenuniana kwa majuma matano wakakubaliana kuifungua serikali.

Mwaka 2025 ulikuwa mchungu zaidi. Tarehe 29 Januari ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana karibu na uwanja wa Reagan, Washington, watu 67 wakafa. Usiku huo mwelekezi mmoja mnarani alikuwa akizihudumia helikopta pamoja na ndege. Sisemi kwamba hiyo ndiyo iliyoleta ajali. Njia ya helikopta yenyewe ilikuwa imechorwa karibu mno na njia ya kutulia, na hilo ni kosa la miaka mingi. Lakini aliyekuwa akibeba picha mbili kichwani alikuwa mtu mmoja. Mwezi wa Aprili, rada na redio za waelekezi wanaohudumia uwanja wa Newark zilizimika kwa sekunde 90 hivi. Rejea ile hesabu yetu ya sekunde 18, msomaji, uone 90 ni nyingi kiasi gani. Baadhi ya waelekezi walichukua likizo kwa mshtuko walioupata, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuwabadili, Newark ikawa na kucheleweshwa kwa majuma kadhaa. Hatimaye, serikali ilipofungwa tena kuanzia tarehe 1 Oktoba kwa siku 43, idara ya anga iliamuru tarehe 7 Novemba safari zipunguzwe katika viwanja 40. Nchi tajiri kuliko zote ilikuwa na upungufu wa waelekezi zaidi ya 3,000, na fedha haikuweza kuwanunua, kwa sababu hawauzwi popote.

Najua wapo watakaosema: iacheni kompyuta ifanye kazi hiyo. Wanafunzi wangu wa kiume hasa walilishikilia jambo hili. Niliwasimulia ya Uingereza. Tarehe 28 Agosti 2023, siku ya mapumziko, mtambo unaopokea mipango ya safari katika kituo cha Uingereza uliletewa mpango wa ndege itokayo Los Angeles kwenda Paris. Ndani yake mlikuwa na alama mbili za njiani zenye jina moja, DVL: moja iko Marekani, Devil's Lake, na nyingine Ufaransa, Deauville. Mtambo haukujua ni ipi. Ulifanya kile ulichofundishwa kufanya unapokutana na jambo usilolielewa, yaani kujizima, ili usije ukampa mwelekezi habari potofu. Mtambo wa akiba ukachukua zamu, ukapewa mpango ule ule, nao ukajizima; na hayo yote yalifanyika katika sekunde zisizotimia 20. Mapacha waliosomeshwa darasa moja hukosea swali moja.

Watu wakalazimika kuichukua kazi kwa mikono. Mtambo ungeweza kushughulikia mipango 800 kwa saa. Watu waliweza 60 hivi. Abiria zaidi ya 700,000 walivurugiwa safari. Nakiri kompyuta inamsaidia mwelekezi sana, na siku zijazo itamsaidia zaidi. Lakini tazama jambo moja: ilipokwama, hakuna aliyesema ndege ziruke hivyo hivyo. Zilingoja chini mpaka idadi yake ilingane na uwezo wa watu waliobaki.

Ni neno hilo lililonifanya nikose usingizi, nami sasa narudi nyumbani.

Katika anga, watu wakipungua, ndege husimama. Upungufu hujitokeza hadharani, kwenye ubao wa matangazo, kwa herufi nyekundu. Abiria huona, hukasirika, huandika magazetini, na wabunge hutikisika. Kuchelewa ni kero, lakini ni kero yenye ukweli: inakuonyesha pale pale kwamba kuna mtu aliyepaswa kufunzwa miaka kumi iliyopita na hakufunzwa. Shuleni je? Mimi nimewahi kufundisha darasa la wanafunzi 83. Hakuna aliyezuiwa mlangoni, wala nisingetaka azuiwe. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2003 iliwaleta watoto waliostahili kuja. Ila hakuna herufi nyekundu iliyowaka popote. Upungufu wa walimu ulijificha ndani ya madaftari yasiyosahihishwa, katika yule msichana wa kiti cha nyuma ambaye mpaka mwisho wa muhula sikulijua jina lake la pili. Tulisema darasa limejaa na masomo yanaendelea. Mwelekezi angesema, na sheria ingemuunga mkono: hapana, wangoje, niletee mtu wa pili.

Natamani kazi yetu ingekuwa na kikomo kinachoheshimiwa hivyo. Lakini hofu yangu ya leo ni kinyume chake: kwamba tabia tuliyoizoea shuleni, ya kumwongezea mmoja mzigo wa watatu na kuita hali hiyo kawaida, itapanda mpaka mnarani. Abiria wa Kenya amezoea kupiga kelele ili ndege iondoke. Makampuni nayo husukuma. Siku moja mkubwa fulani atapata sifa kwa kuondoa kuchelewa bila kuongeza hata mtu mmoja, na sote tutampigia makofi.

Anga yetu haina nafasi ya mzaha huo. Nairobi ina uwanja wa Jomo Kenyatta, ina Wilson kilomita chache tu kutoka hapo, ina uwanja wa jeshi wa Eastleigh, na zote hizo zagawana kipande kile kile cha mbingu: jeti za kimataifa, ndege za watalii, helikopta, na vijana wanaojifunza urubani. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria iliyokuwa imeruka kutoka Wilson kwenda Diani na watu 44 iligongana na ndege ndogo ya mafunzo. Ile kubwa ilirudi salama. Ile ndogo iliangukia mbuga ya wanyama ya Nairobi, na waliokuwamo wote wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, wakafa. Lawama si kazi ya mwandishi wa safu. Naitaja kwa sababu wanafunzi wangu waliikumbuka kabla yangu.

Kwa bahati njema hatuanzi mikono mitupu. Tunacho Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki hapo Embakasi, ambacho kimekuwa kikifunza waelekezi tangu enzi za ukoloni, na nchi jirani huleta vijana wao. Tunazo shule zilizojaa wasichana na wavulana wenye vichwa vya hesabu, waliosikia habari za urubani mara elfu na habari za mwelekezi hawajasikia hata mara moja. Katika darasa langu lote la kidato cha nne hakuna aliyejua kwamba kazi hiyo ipo. Wenzangu mnaosimamia ushauri wa kazi shuleni, lawama hiyo nawagawia, nami nachukua fungu langu.

Kilichokosekana ni hesabu ya wazi. Huko Marekani, pamoja na makosa yao yote, idara ya anga hupeleka Bungeni kila mwaka ripoti ya waelekezi: wako wangapi, wangapi watastaafu, wangapi wako mafunzoni, wangapi wanahitajika. Ripoti hiyo haijawaondolea upungufu, lakini hakuna mbunge wa huko anayeweza kudai kwamba hakujua. Hapa kwetu twazungumza habari za viwanja siku za migomo tu. Tarehe 6 Machi 2019 wafanyakazi waligoma, na tarehe 11 Septemba 2024 wakagoma tena. Mara zote mbili ugomvi ulihusu nani apewe uwanja mkuu auendeshe. Tulibishana usiku kucha habari za majengo na mikataba. Sikumsikia mtu akiuliza ni waelekezi wangapi wenye cheti watakaokuwa wamestaafu ifikapo mwaka 2035, na ni wangapi wako darasani leo kuchukua nafasi zao.

Naiomba Wizara ya Uchukuzi iweke tarakimu hizo mezani Bungeni kila mwaka, kwa kila kituo: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret, Wilson. Iseme pia kila kipande cha anga chaweza kuchukua ndege ngapi kwa saa kwa watu waliopo, ili abiria akiambiwa "tunangoja nafasi" aweze kujua nafasi hiyo hupimwaje. Hiyo si siri ya vita. Ni hesabu ya kidato cha pili.

Ndege yetu ya Jumapili iliruka saa mbili na dakika arobaini usiku, na yule mzee alilala hata kabla taa za mji hazijapotea chini yetu. Barua ya kuuliza tarakimu hizo nimekwisha kuiandika, na wanafunzi 46 wa kidato cha nne wameitia sahihi. Jibu likifika, nitalichapisha papa hapa.